Bima ya kazini haimaanishi meno yamo

Wengi wanaoishi ughaibuni wanadhani wakishakatiwa bima ya afya na mwajiri basi na meno yamo humo, jamani hapana, bima nyingi zinaweka meno pembeni, unayakatia kivyake na mara nyingi unasubiri miezi kadhaa kabla hawajalipia kazi kubwa kama kutibu mzizi. Bima ya safari ndo kabisa, kwa kawaida inagusa dharura tu. Soma mkataba sasa hivi ukiwa huna maumivu. Na habari ya ntasubiri likizo nirudi nyumbani nikatibiwe jino huko inaniuma sana, maana jino likiacha kuuma lenyewe inawezekana neva imekufa na usaha unaendelea chini kwa chini, uso ukivimba au homa ikipanda nenda siku hiyohiyo, uwe na bima usiwe nayo.