Longstreet na amri ya alfajiri isiyokuwapo

Naona dai limezuka tena: Kusini ilishindwa pale Gettysburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa sababu Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, alimwamuru jenerali wake James Longstreet ashambulie alfajiri ya Julai 2, 1863, naye akajivuta hadi saa kumi jioni. Haya, tuzipange tarehe.

Lee alifariki Oktoba 1870 bila kumlaumu Longstreet hadharani. Jubal Early, jenerali mwingine wa Lee, alimtwika mzigo huo kwa hotuba ya Januari 1872, na Early mwenyewe alikuwa na maswali ya kujibu kuhusu kutoshambulia kilima cha Cemetery Hill jioni ya Julai 1. Mwaka uliofuata William Pendleton, aliyekuwa mkuu wa mizinga wa Lee, akaishikilia ile "amri ya alfajiri". Longstreet akawaandikia waliokuwa wasaidizi wa Lee: Taylor, Venable, Marshall na Long. Wote wakajibu kuwa amri hiyo hawaijui.

Na ingetekelezwaje? Alfajiri hiyo Kapteni Johnston, ofisa wa Lee, alikuwa ndiyo kwanza anatumwa kupeleleza ubavu wa kushoto wa adui. Brigedi ya Law, sehemu ya kikosi cha Longstreet, ilitoka New Guilford, mwendo wa zaidi ya maili 20, ikafika karibu na adhuhuri. Amri halisi ya Lee ilitoka kama saa tano asubuhi. Halafu njiani ikagundulika kuwa safu ya Longstreet ingeonwa na kituo cha ishara cha adui kilichokuwa juu ya kilima cha Little Round Top, ikabidi kurudi nyuma na kuzunguka.

Simsafishi Longstreet. Mpango hakuupenda, tena aliomba kumsubiri Law. Kinyongo hicho kilikula muda gani? Anayekutajia dakika anabuni.

Kilichobadilika kati ya 1863 na 1872 ni siasa. Mwaka 1867 Longstreet aliandika katika magazeti ya New Orleans akiwahimiza watu wa Kusini wazikubali sheria za Bunge la Marekani, pamoja na kura za wanaume Weusi. Akaingia chama cha Republican, na 1869 Rais Grant, rafiki yake tangu chuo cha kijeshi cha West Point, akampa cheo forodhani New Orleans. Ndipo alipoitwa msaliti, na makosa yake ya zamani yakaanza kufukuliwa.

Wanaomfanya mtakatifu nao wapunguze: barua yake moja ya 1867 yaonyesha alitaka wazungu wenzake waingie chamani ili waielekeze wao kura ya Weusi. Hata hivyo, Septemba 14, 1874, aliongoza polisi na wanamgambo Weusi wa Louisiana dhidi ya White League, kundi lenye silaha la wazungu waliopinga serikali ya Republican, katika mtaa wa Canal, New Orleans. Walizidiwa, naye akajeruhiwa na kukamatwa. Hilo Kusini haikumsamehe kamwe. Sanamu yake pale Gettysburg ilizinduliwa 1998.