"Samehe na usahau" si mstari wa Biblia

Ujumbe huu hauchoki kuzunguka kwenye magrupu: "Biblia inasema samehe na usahau, kama bado unakumbuka, hujasamehe." Hutumwa hasa ndugu wanapokorofishana, na anayeumia ni yule aliyesamehe kweli lakini bado anakumbuka. Anajiona mnafiki bure.

Maneno hayo hayamo. Fungua Biblia kwenye simu, tafuta neno "sahau", usome kila mstari unaokuja. Hutakuta amri ya kusahau kosa ulilotendewa. Kinachochanganya, nadhani, ni Yeremia 31:34, ambapo Mungu anasema dhambi ya watu wake hataikumbuka tena. Ahadi yake imegeuzwa kuwa sharti kwa binadamu.

Mtazame Yusufu. Katika Mwanzo 45 anawaambia ndugu zake waziwazi, huku analia, kwamba ndio waliomuuza Misri. Kisha anawapa magari, chakula cha njiani na mahali pa kukaa, Gosheni. Na kabla ya kujitambulisha alikuwa amewapima, hata kikombe chake cha fedha kikafichwa guniani mwa Benyamini, mdogo wao. Luka 17:3 nayo inataka mkosaji aonywe, na akitubu asamehewe. Kwa hiyo shemeji aliyekula hela za kikoba unaweza kumsamehe, ukamkaribisha chai, na daftari la hesabu usimkabidhi tena.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Muulize aliyeutuma, kwa upole tu, ni sura ipi na mstari upi.