Serikali ya Marekani ikifungwa, hela huwa zipo

Mimi kazi yangu ni bajeti za serikali, na kila Marekani wakikwama naulizwa swali lile lile, inakuwaje nchi tajiri vile inafunga ofisi? Hela zipo jamani, kinachokosekana ni ruhusa ya kuzitumia. Mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba, kufikia hapo Bunge lao linatakiwa liwe limepitisha miswada 12 ya matumizi, au angalau kasheria ka muda ka kusogeza siku, na Seneti kwa kawaida inataka kura 60 kati ya 100, kwa hiyo chama chenye wingi kiduchu hakitoboi peke yake. Wakigomeana, ndo basi.

Na haikuwa hivi tangu zamani. Kabla ya 1980 bajeti ikichelewa ofisi nyingi ziliendelea tu, wanajua hela itakuja, mpaka mwanasheria mkuu wa enzi za Rais Carter, Benjamin Civiletti, akachukua sheria ya 1884, inayokataza ofisi kutumia hela ambayo Bunge halijaidhinisha, akasema hapana, bila bajeti fungeni, zibaki kazi za kulinda maisha na mali. Yaani ni tafsiri tu ya sheria hiyo! Kwetu Tanzania Bunge likikataa bajeti, ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja, mbunge anajua atarudi jimboni kuomba kura. Mbunge wa Marekani hana presha hiyo, uchaguzi una tarehe yake na mshahara wake unaendelea kuingia.

Ile funga ofisi ya Oktoba 2025 ilienda siku 43, kabla ya hapo haikuwahi kutokea ndefu hivyo, ugomvi ulikuwa ruzuku za bima ya afya. Waongoza ndege wanaingia zamu bila kulipwa, watu kama milioni 42 wa msaada wa chakula wanaingia Novemba hawajui kama kadi zitawekewa hela.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sheria ya 2019 inamhakikishia mwajiriwa wa serikali malimbikizo yake wakifungua, lakini yule wa kampuni ya tenda, anayefagia korido za wizara, mlinzi wa getini, mpishi wa kantini, sheria hiyo haimgusi kabisa, siku zake zimeenda na mwenye nyumba anataka kodi yake kama kawaida.

Ndugu zangu mlioko huko, mafaili ya grinikadi na usaili wa uraia mara nyingi huwa vinaendelea maana USCIS, idara yao ya uraia na uhamiaji, inajiendesha zaidi kwa ada mnazolipa wenyewe, kwa hiyo siku uliyopangiwa nenda, usikae nyumbani ukidhani wamefunga.