Sinthesaiza ya zamani ya analogi: tunayoambiana na unayoyakuta ukiifungua

Kila baada ya muda kuna mtu ananitumia picha ya sinthesaiza ya zamani, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe (ya analogi inaziunda kwa saketi za umeme, ya dijitali kwa hesabu za kompyuta), mara Juno, mara Polysix, mara kitu cha Moog, anauliza nichukue au niache. Na karibu wote wanakuja na maneno yaleyale, mengine yana ukweli nusu, mengine yatakula hela yako yote. Mimi nipo Dar, nina Roland Juno-106 ya mwaka 1984, naipenda sana, kwa hiyo nitaiongelea hiyo zaidi maana ndo nimeifungua kwa mikono yangu, hizo nyingine nagusa tu.

"Ukiwasha ikalia, basi ni nzima"

Hapa ndo nililia. Yangu niliiwasha palepale kwa muuzaji, nikashika noti tatu nne, ikalia tamu ajabu, nikatoa hela. Kufika nyumbani siku ya tatu napiga naona kuna noti inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni, narudia noti ileile iko safi, afu baadaye inakwaruza noti nyingine kabisa. Nikadhani key ni chafu. Kumbe sio key.

Juno-106 ina sauti sita, yaani inaweza kulia noti sita kwa wakati mmoja, na ukibonyeza key kinanda kinaigawia sauti mojawapo kati ya hizo sita. Sasa sauti moja ikiwa mbovu inajificha katikati ya wenzake, we unaisikia inapita tu mara mojamoja. Kila sauti ina chipu yake inaitwa 80017A, ndani yake kuna filta (inayofanya sauti iwe kali au nzito) na kile kinachopandisha na kushusha ukubwa wa sauti, na Roland walizifunika hizo chipu na gundi ngumu nyeusi. Miaka imepita, ile gundi inaharibika, umeme unaanza kuvuja pasipotakiwa, sauti inakwaruza au inazimika au inagoma kunyamaza hata ukiachia key.

Namna ya kuzipima ni rahisi na muuzaji hawezi kukukatalia: zima, shika kitufe kilichoandikwa KEY TRANSPOSE, washa ukiwa bado umekishika. Ukipiga key kile kioo kidogo kitakuonyesha namba ya sauti inayolia, 1 mpaka 6. Sikiliza moja moja kwa hedifoni, fungua na kufunga filta kwa kila moja, zote sita zinatakiwa zifanane.

Yangu ilikuwa namba 4. Fundi aliichomoa, tukaizamisha kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo tukafunika, tukaiacha siku kadhaa, ile gundi ikalainika ikawa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, chini yake unaona vipande vidogodogo mno vimekaa kwenye kibao cheupe, hapo mkono ukitetemeka umekivunja. Tuliirudisha ikalia. Ila sikushauri utegemee hiyo, siku hizi kuna watu wanatengeneza chipu mpya za kubadilisha, na mi naona kama moja imekufa we piga bei ukijua zote sita zina umri mmoja na zimefunikwa gundi ileile.

"Umeme ni umeme tu, nitabadilisha plagi"

Hapana jamani. Vinanda vingi vinavyouzwa kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na ukutani kwetu Tanzania ni 230, Kenya 240. Ukibadilisha plagi ukachomeka, ukiwa na bahati inaungua fyuzi, ukikosa bahati inaungua transfoma na vingine nyuma yake. Geuza kinanda usome kibandiko cha nyuma kabla hujagusa waya. Kama kimeandikwa 100V au cha Marekani 120V, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme, na iwe ya kushusha mpaka volti hizohizo, ile ya kwenda 110 unayoikuta madukani usiizoee kwa kifaa cha 100 ambacho unataka kikae miaka mingi.

"Cha zamani ni cha analogi"

Yamaha DX7 ni ya 1983 na ni dijitali. Roland D-50 ya 1987, dijitali. Korg M1 ya 1988, dijitali pia. Ni vinanda vikubwa mno kwenye historia ya muziki na hakuna ubaya kuvinunua, ila usilipie bei ya analogi. Hata ndani ya analogi kuna tofauti, Korg Poly-800 inalia noti nane lakini zote zinapita kwenye filta moja, ukiachia na kubonyeza utasikia kabisa haitembei kama Juno.

"Analogi hazishiki tuni"

Inategemea. Minimoog, ile iliyotoka 1970, oskileta zake (saketi zinazozalisha noti yenyewe) zinaongozwa na volti tupu kwa hiyo joto likibadilika na zenyewe zinahama, inabidi uwashe usubiri kama dakika 20 ndo utune. Juno-106 haina hiyo shida kwa sababu oskileta zake ni analogi ila mwendo wake unashikiliwa na saketi ya dijitali, unawasha unapiga. Kwa hiyo Juno ikikaa nje ya tuni usikubali kuambiwa "ndo tabia ya analogi hiyo", kuna kitu kimeharibika.

Na ule mvumo wa chini ukibonyeza korasi (kitufe cha kunenepesha sauti) ya I au II, shhhh ya kama upepo, huo ni wa kawaida, usije ukamgombeza mtu bure.

"Betri ya ndani ni kitu kidogo"

Kwenye Juno ni kweli, ni ile bapa ya CR2032, ikiisha unapoteza mipangilio ya sauti uliyoihifadhi, fundi anaitoa kwa solda anaweka nyingine. Kwenye Korg Polysix ya 1981 ni habari nyingine kabisa. Ile ina betri ya nikeli ya kuchaji imesoldwa juu ya kibao, ikizeeka inavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba mpaka kinanda kinakuwa kichaa. Ukiiona Polysix omba ifunguliwe uone hicho kibao. Ukiona ukungu wa kijani au bluu kuzunguka betri, hapo bei ishuke sana au uondoke.

"Badilisha kapasita zote kwanza"

Kapasita ni vile vipande vinavyotunza umeme kidogo ndani ya saketi. Sikubaliani. Anza na za kwenye pawa saplai maana ndo zinafanya kazi ngumu, zilizobaki kama zinapimika vizuri ziache. Kila unapochomoa kitu kwenye kibao cha miaka 40 unaweza kung'oa na njia yake ya shaba. Kwetu huku pwani mi naogopa zaidi chumvi na unyevu kwenye miguso ya key na kwenye slaida, na hizo dawa yake mara nyingi ni kusafisha tu.

"Ina MIDI, nachomeka kwenye laptop"

MIDI, ile njia ya vinanda na kompyuta kuambiana noti, ilikuja 1983. Juno-60 ya 1982 haina, Minimoog haina. Juno-106 inayo, ila ni ile soketi ya duara ya pini tano, sio USB, utahitaji kiunganishi, sio cha bei mbaya.

"Itapanda bei tu, ni kama kiwanja"

Roland TB-303, kimashine cha kupiga besi, ilitoka 1981 ikagoma kuuzika, 1984 wakaacha kuitengeneza, afu vijana wa Chicago wa muziki wa house wakaipa maisha mapya na bei ikapaa. Watu wanaikumbuka hiyo hadithi moja wanasahau mengine. Minimoog imetengenezwa upya 2016 na 2022, Prophet-5, sinthesaiza nyingine maarufu ya analogi, imerudi 2020, na kuna kopi za bei nafuu kibao. Kama unachotaka ni sauti tu, na huna fundi anayejua kufungua hivi vitu karibu na wewe, mi nakwambia kwa moyo mmoja chukua mpya. Kama unataka kuishi nacho, kukigusa, kukitengeneza, hapo twende.

Siku ya kwenda kukiangalia beba hedifoni na tochi. Waambie wakiwashe kabla hujafika, au kaa nacho nusu saa kikiwa kinawaka, kwa sababu chipu nyingi mbovu zinaanza kukwaruza zikishapata joto, ile yangu kwa muuzaji ilikuwa imewaka dakika tano tu. Piga key zote 61 moja moja, sukuma kila slaida juu chini, pima zile sauti sita, halafu ndo muanze kuongea hela.