Kuvuna Faida ya Hisa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Juni 2008 hisa za Safaricom, zilizouzwa kwa umma kwa shilingi 5, ziliingia Soko la Hisa la Nairobi na bei ikapita 7. Mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Agosti 2021 ikapita 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa imerudi chini ya 15. Panda-shuka hiyo imezaa maneno mengi vijiweni.

"Bei imepanda, nimeshapata." Bado. Mwenye hisa 1,000 mwaka 2021 alihesabu zaidi ya 40,000. Miaka miwili baadaye hisa ni zilezile, thamani haifiki 15,000. Kabla hujauza, faida hiyo iko kwenye karatasi tu.

"Ukiuza, uza zote." Hii ndiyo inayowaumiza wengi, maana mtu akiogopa kuziachia zote haachii hata moja. Tuseme hisa zako 1,000 ulizinunua kwa 5,000. Bei ikifika 40, uza 200 tu: unapata 8,000 kabla ya ada ya dalali anayekuuzia sokoni. Mtaji umerudi na ziada juu, na hisa 800 bado zinakuletea gawio, yaani fungu lako la faida kampuni ikigawa. Bei ikianguka kesho, utasikitika, lakini pesa uliyoitoa mfukoni haimo tena hatarini.

"Ngoja ifike kileleni." Kilele hujulikana bei ikishaporomoka. Andika bei yako ya kuuza siku ileile unayonunua, kichwa kikiwa kimetulia.

"Kuuza kwa faida hakuna hasara." Hapa nabishana hata na marafiki. Aliyeuza kwa 7 mwaka 2008 asirudi tena alizikosa 40, pamoja na magawio ya miaka yote ile. Bei kupanda, peke yake, si sababu ya kuuza. Karo ni sababu. Kiwanja ni sababu. Hisa ya kampuni moja kumeza zaidi ya nusu ya akiba yako, hiyo ni sababu kubwa.

"Kodi italamba faida yote." Kenya hutoza 15% kwa faida ya kuuza mali kama ardhi, tangu 2023. Hisa zilizoorodheshwa Soko la Nairobi zimesamehewa.

"Nikiagiza leo, pesa leo." Kwanza apatikane mnunuzi kwa bei yako. Kisha malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi: zikiuzwa Jumatatu, ni Alhamisi. Karo ikitakiwa Jumanne, mpigie dalali wiki inayotangulia.