Kwa nini watoto wa nyuma huchelewa kuimba

Kuanzia katikati ya Oktoba meza yetu ya chakula hugeuka karakana ya fanusi za msafara wa Novemba, ambapo watoto hutembea gizani wakiimba. Kuna gundi, waya, vijiti, karatasi nyembamba za rangi, na chai inayopoa kwa sababu hakuna pa kuweka kikombe. Binti yangu wa miaka 6 anatengeneza fanusi ya umbo la pweza, na miguu yote minane anataka iwe ya rangi tofauti. Kaka yake anasema yeye ni mkubwa, mambo ya fanusi yamempita, lakini mkasi hautoki mkononi mwake. Muda wote huo wanaimba. Mimi ni mwalimu wa muziki, mzaliwa wa Tanga, nafundisha watoto wadogo hapa Bonn, Ujerumani, kwa hiyo siwezi kuwasikiliza kama baba peke yake. Kila wimbo unaoanzishwa pale mezani nauchunguza umeanzia sauti gani.

Msimu huu nauita vuli. Najua kwetu vuli ni zile mvua fupi, na wapo wanaopenda kusema mapukutiko wanapozungumzia majani ya Ulaya. Ila miezi inakaribiana, na mama akinipigia kunieleza kwamba vuli imeanza Tanga, nafurahi kumjibu kwamba hata huku imeanza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku hurudishwa nyuma, na tofauti yetu na nyumbani inakuwa saa 2 badala ya 1. Tangu siku hiyo jioni inakuwa fupi ghafla. Ikifika tarehe 11 Novemba, jua la Bonn linazama kabla ya saa 11 jioni. Muziki wa familia za huku msimu huu umeumbwa na giza hilo.

Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martino wa Tours, askari wa Kirumi anayesimuliwa kwamba alilikata joho lake kwa upanga akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Alizikwa tarehe hiyo mwaka 397, na kanisa kuu la hapa Bonn limewekwa chini ya jina lake. Siku hiyo au jioni zinazoizunguka, shule na chekechea hufanya msafara. Mbele anatangulia mpanda farasi mwenye joho jekundu, inafuata bendi ya matarumbeta, halafu watoto na fanusi zao, wazazi kando. Mwisho wa safari kuna moto mkubwa na mkate mtamu wa umbo la mtu, aliyebanwa kiko cha udongo kifuani. Mama aliniuliza kama hiyo ni sikukuu ya kanisa. Asili yake ndiyo, nikamwambia, lakini msafarani utakuta watoto wa kila dini, na chekechea nyingine huiita tu sikukuu ya fanusi. Akasema basi mvalishe mtoto soksi mbili.

Sasa niwaambie kwa nini nimeamua kuandika. Mwaka jana tulikuwa karibu na mkia wa msafara. Mzazi mmoja mbele yetu aligeuka akawakemea watoto: mbona mnachelewa, hamsikii bendi? Binti yangu akanyamaza. Alishika kijiti chake kwa mikono miwili, akatembea hivyo hadi kwenye moto bila kuimba tena. Na kumbe hakuwa amekosea chochote.

Sauti husafiri, tena si kwa haraka tunavyodhani. Jioni ya nyuzi joto 8 hivi, inakwenda takribani mita 336 kwa sekunde. Wimbo wa kutembea na watoto una mapigo kama 100 kwa dakika, yaani kutoka pigo hadi pigo ni sehemu 6 za kumi za sekunde. Piga hesabu: mtoto aliye mita 200 nyuma ya bendi analisikia pigo la kwanza wakati bendi yenyewe imeshafika la pili. Yeye anaimba sawasawa na anachokisikia. Halafu sauti yake nayo inahitaji muda uleule kurudi mbele, kwa hiyo mpiga tarumbeta akitega sikio atamsikia amechelewa mapigo mawili mazima. Aliyesimama katikati anapata bendi iliyochelewa kidogo na watoto waliochelewa zaidi, vyote kwa pamoja. Umwambie mtoto wa nyuma aharakishe, unamtaka aimbe kabla ya kusikia. Hakuna kwaya duniani inayoweza hilo bila kifaa masikioni au kiongozi wa kumwona kwa macho.

Misafara mirefu ina dawa yake ya zamani: bendi zaidi ya moja, zikiachana vya kutosha, kila moja na wimbo wake. Ukikaa karibu na mojawapo, umepona. Ukiangukia katikati ya mbili, zinakuja nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Hapo ushauri wangu ni kuachana na zote na kuanzisha wimbo wenu.

Na nyimbo zenyewe zinaruhusu, maana zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Zichunguze utaona. Nyingi zinazunguka sauti chache tu, na pale zinapoitaja taa au jua na mwezi zinapenda kushuka kutoka so kwenda mi. Mruko huo wa so-mi ndio mama anaoutumia akimwita mtoto kutoka mbali, silabi ya kwanza juu, ya pili chini. Jaribu kuita jina lolote fupi kutoka dirishani usikie. Mtoto wa miaka 3 huweza kuushika kabla hajaweza kuimba ngazi nzima. Mistari ni mifupi kuliko pumzi ya mtoto anayetembea. Beti zinafanana, hivyo aliyesahau neno gizani anadaka linalofuata. Hakuna anayeshika karatasi, maana mkono mmoja una fanusi na mwingine umeshikwa na mzazi.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwetu watu wazima: tunaanzisha wimbo chini mno. Baba anauanzia pale koo lake linapopumzika, watoto wanalazimika kunguruma, na baada ya beti mbili wanaacha. Sauti ya mtoto mdogo inakaa vizuri kuanzia re ile iliyo juu tu ya do ya katikati ya kinanda, kwenda hadi la. (Hapa nasema re na la za kwenye kinanda, si za ngazi inayohama kama tunavyosoma kwenye nota za kwaya kwetu.) Mkubwa kidogo anafika re ya juu bila taabu. Mwanamume akiona inamwia juu, na aimbe chini yao kwa umbali wa sauti nane. Watoto watamsikia vizuri tu.

Bendi nayo ina shida yake na baridi. Hewa ikiwa baridi ndani ya bomba, tarumbeta hushuka sauti, yaani nota zake zinakuwa chini kuliko zinavyotakiwa. Ndiyo maana utawaona wapigaji wakipuliza pumzi ya moto ndani ya ala bila kutoa mlio, au wakiificha chini ya koti kati ya wimbo na wimbo.

Tukirudi nyumbani, tatizo linageuka: ala zinaumizwa na joto. Hewa ya nje ya vuli, hata siku ya ukungu, ina maji machache kwa kila mita ya ujazo. Ukiiingiza ndani ukaipasha hadi nyuzi 21, unyevu wake unaweza kushuka hadi asilimia 30 hivi. Gitaa, fidla na udi hupenda kati ya 40 na 60. Nina udi wa mjomba wangu uliokaa Tanga miaka mingi katika hewa ya bahari. Vuli yangu ya kwanza hapa niliuegemeza ukutani karibu na kipasha joto, kwa kudhani nauhurumia na baridi. Asubuhi moja ubao wa mbele ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kuanzia kwenye tundu la katikati hadi karibu na daraja la nyuzi. Fundi aliuziba, lakini ukipitisha kidole unausikia. Kwa hiyo kama una ala ya mbao, nunua kipima unyevu, kina bei ya mlo mmoja, na ifungie ala ndani ya sanduku lake mbali na joto. Ngoma za ngozi zina tabia nyingine: ile ngozi tunayoikaza kwetu kwa moto wa makuti, hapa hujikaza yenyewe hadi mlio unakuwa mkali kupita kiasi. Ilegeze kabla haijapasuka.

Mwaka huu tumejipanga. Familia nne tutatembea pamoja, popote tutakapoangukia, na tutaimba kwa kuitikia kama tulivyokuwa tukicheza uwanjani usiku wa mbalamwezi: mmoja anaanzisha mstari, waliobaki wanajibu. Mtindo huo unavumilia umbali, kwa sababu anayejibu anatakiwa asikie kwanza. Maneno ya mwanzilishi yatakuwa ya Kijerumani, kiitikio tumekitunga kwa Kiswahili, maneno manne tu, na watoto wa majirani wameshayashika.

Mwanzilishi ni binti yangu. Jana alifanya mazoezi ukumbini taa zikiwa zimezimwa, pweza mkononi, kaka yake akiitikia kutoka chumbani. Mara ya kwanza alianza juu mno, sauti ikakatika kwenye mstari wa pili. Nikampa re kwenye udi. Akaisikiliza, akaivuma kidogo mdomo ukiwa umefungwa, akaanza upya.