Mpako wa nano haujaja kuchukua nafasi ya kitambaa

Kila tunapokaribia Siku ya Usafi wa Mikono Duniani, Mei 5, kitengo chetu cha kuzuia maambukizi hupigiwa simu nyingi. Safari hii wengi, wenye zahanati, shule na hata daladala, wanaulizia mipako ya nano, yaani dawa za kupaka au kupuliza zenye chembe ndogo mno za kuua vijidudu. Wameambiwa ukipuliza mara moja, kitasa cha mlango kinaua vijidudu chenyewe kwa miezi.

Teknolojia yenyewe ni ya kweli. Chembe za fedha au shaba zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) huachia ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, na ioni hizo huharibu utando wa bakteria na kuvuruga protini zake. Titani dioksidi, kemikali nyingine inayowekwa kwenye mipako hii, hufanya kazi kwa njia tofauti: inahitaji mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo usitegemee mengi kutoka kwayo kwenye korido yenye taa hafifu.

Lakini ioni haziruki. Wiki iliyopita, kwenye wodi moja, nilipitisha kidole juu ya reli ya kitanda iliyopakwa. Kulikuwa na ganda la uji uliokauka, na juu ya ganda alama za vidole. Muuguzi akanieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba wameacha kuifuta ili mpako usitoke. Kijidudu kilichokaa juu ya uji hakiugusi mpako hata kidogo! Hili nimelirudia mara nyingi na nitalirudia tena: uchafu ukitanda, mlichobaki nacho ni reli chafu ya bei ghali.

Shaba, ambayo imechunguzwa kwa muda mrefu, inatufundisha jambo hilohilo. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilisajili aloi (mchanganyiko wa metali) zenye shaba nyingi, kwa dai kwamba huua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria waliotajwa ndani ya saa 2, iwapo zinasafishwa mara kwa mara. Usajili huohuo unamtaka muuzaji aseme wazi kwamba shaba ni nyongeza, haichukui nafasi ya taratibu za kawaida za kuzuia maambukizi. Na hiyo ni shaba yenyewe, si dawa ya kupuliza.

Muuzaji akikuletea ripoti ya maabara, isome. Nyingi hutaja ISO 22196, kipimo cha kimataifa cha uwezo wa uso wa kitu kuzuia bakteria. Katika kipimo hicho bakteria huwekwa ndani ya majimaji, hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki, kisha huachwa saa 24 kwenye nyuzi joto 35 na unyevu usiopungua asilimia 90. Kitasa chako ni kikavu na kinashikwa kila dakika. Ripoti inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isijibu swali lako.

Tofautisha pia madai mawili. Kusema mpako unakinga bidhaa isioze au isinuke ni jambo moja, kusema unamkinga mtu asiugue ni jingine, na hilo la pili linadai ushahidi na usajili. Mwaka huohuo wa 2008, EPA ilitoza kampuni moja ya vifaa vya kompyuta dola 208,000 kwa kunadi kipanya na kibodi zenye mpako wa nano kwa madai ya kuua vijidudu yasiyosajiliwa. Kosa lilikuwa maneno ya kwenye tangazo.

Kama tayari umepaka, usikwangue, maana vumbi lake si la kuvuta. Mwombe muuzaji akuandikie ni dawa zipi zinaruhusiwa kuusafishia. Kisha endelea kama zamani: sabuni na maji kwanza, halafu klorini. Kwa klorini ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa 34 za maji inatosha kwa meza na vitasa, na sehemu 1 kwa 6 ni kwa palipomwagika damu. Changanya upya kila siku. Muuzaji akikujibu kwamba mpako wake hauvumilii klorini, usiupake wodini.